Mshahara wa Karatasi na Mshahara wa Mkono

Papa Anselme alizikwa wiki iliyopita, na sisi tuliowahi kupokea mshahara kutoka mkononi mwake tulikaa pamoja kwenye kona moja ya uwanja wao kule Mudzipela, chini ya turubai. Alikuwa mhasibu wa shirika lililotuajiri zamani, shirika la wageni ambalo lilifunga mlango na kuondoka. Sisi tulimwita Papa Comptable, na hata bibi yake, yaani mke wake, alimwita hivyo. Wengine nilikuwa sijawaona kwa miaka mingi. Dereva wetu amepoteza meno ya mbele, Mama Béatrice aliyekuwa akitupikia ofisini anatembea kwa fimbo, na mimi, wanasema, nimenenepa. Tulikula wali na maharage, tukasikiliza michango ikitangazwa kwa majina, ndipo Mama Béatrice akanisogelea na kusema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiulizia chumvi, "Sasa yeye mwenyewe amekufa, nani atatukata?" Kona yetu nzima ilicheka. Dada yangu Masika, aliyenisindikiza ingawa hakuwahi kufanya kazi pale, hakucheka. Aliangalia sahani yake tu. Mimi nilicheka pamoja na wenzangu, lakini tangu siku ile mwaka mmoja wa ujana wangu umeingia nyumbani kwangu, umekaa, na hautaki kuondoka.

Mwaka ule tulikuwa tunaishi katika chumba kimoja cha Nyakasanza, Mama na mimi, na Masika na tumbo lake kubwa. Mume wake alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu, na simu yake ilikuwa haipiti tena. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, mkeka mmoja, na pazia la kitenge lililotenga mahali pa kulala na mahali pa magunia, kwa sababu Mama aliuza maharage na maparachichi sokoni, na mali yake ililala pamoja nasi. Mpaka leo nikisikia harufu ya maharage mabichi naona kama ni usiku na nimechelewa kulala. Nilikuwa nimemaliza shule, nimezunguka na makaratasi yangu mpaka viatu vikachoka, ndipo lile shirika likanichukua niwe sekretari. Nilirudi na mkataba kwenye bahasha ya kaki. Mama hakujua kusoma, lakini namba alizijua kuliko mimi, na aliweka kidole chake juu ya ile namba akakiacha pale. Dola mia tatu kwa mwezi. Katika nyumba yetu hakuna mtu aliyekuwa amewahi kupata mshahara. Feza kwetu ilikuwa kitu kinachotoka mkononi mwa mnunuzi na kuingia mkononi mwako. Ukiuza kwa mia, unashika mia. Kando ya ile namba kulikuwa na neno dogo la Kifaransa, brut. Nililisoma. Nilidhani ni namna ya wazungu ya kusema kamili.

Siku chache baada ya mimi kuanza kazi, Masika alishikwa na uchungu, na mtoto akakataa kutoka. Walimpasua. Mtoto alikuwa wa kike, mzima, analia kwa hasira, na sisi tulishukuru Mungu kwa sauti kubwa mpaka muuguzi akatufukuza kwenye korido. Halafu kidonda kikaoza, ikabidi wakifungue tena, dawa juu ya dawa. Alipopona, tulipewa hesabu. Dola mia sita. Wasomaji wa Bunia hawahitaji kuelezwa kinachofuata, lakini niseme kwa ajili ya wengine: katika hospitali ile, kama katika nyingi za kwetu, aliyepona bila kulipa hatoki. Mlangoni kuna sentineli, yaani mlinzi, na sentineli anataka kuona karatasi ndogo inayoitwa bon, inayosema kwamba huyu amemaliza deni lake. Bila bon, unabaki. Kitanda wanampa mgonjwa mwingine, wewe unahamia chini, mwisho kabisa wa sali, yaani wodi, karibu na choo, pamoja na wanawake wengine waliopona. Wenyewe waliita mahali pale gereza, na waliita hivyo wakicheka, kwa sababu walikuwa wameshalia vya kutosha. Na kwa kila siku uliyolala pale chini, hospitali iliandika siku hiyo pia, na deni likaongezeka.

Mimi sikuogopa. Leo nikimkumbuka yule msichana niliyekuwa namwonea huruma na kutaka kumzaba kofi kwa pamoja. Nilikwenda kwa bwana wa huduma za jamii pale hospitalini, mtu mwembamba mwenye koti la suti katika joto lile, nikamwekea mkataba wangu mezani. Nikamwambia: mwezi huu mia tatu, mwezi ujao mia tatu, dada yangu atoke. Alisoma mkataba mara mbili. Alisema kwa kuwa mimi ni mtu wa mshahara, atasimamisha kuhesabu zile siku, mradi nilete mia tatu kamili kila mwezi bila kupungua hata moja. Ikipungua, makubaliano yanakufa na siku zote zinarudi. Nilitia sahihi. Nilimwambia Masika avumilie mishahara miwili tu. Alikuwa amekaa juu ya kitenge, mtoto kwenye titi, na mwanamke wa pembeni yake, aliyekuwa ametoka Gety na ambaye sikumbuki jina lake, alisema, "Weye uko na bahati, dada. Siye hapa hatuna mutu wa bureau," yaani mtu wa ofisini. Mama alisema tutakula maharage yetu wenyewe, na kodi ya chumba tutamwomba mwenye nyumba atungojee. Kila kitu kilikuwa kimepangwa.

Siku ya mshahara tulipanga mstari mbele ya dirisha la Papa Anselme, na kila mtu alipewa bahasha na fishi, yaani karatasi inayoonyesha mshahara wake ulivyotembea tangu juu mpaka chini. Mimi nilihesabu feza kwanza. Nilihesabu tena. Nikageuka ukutani nikahesabu mara ya tatu, kama mwizi. Zilikuwa mia mbili thelathini na kitu. Nilirudi dirishani nikamwambia Papa Anselme kwamba amekosea, na alinitazama juu ya miwani bila kukasirika, akaniambia nisome fishi. Juu kabisa ilikuwepo mia tatu yangu, nzima, na neno lile brut kando yake. Chini yake vikafuata vitu vinavyoila. Kodi ya mshahara, ambayo makaratasi huiita IPR. Pansio, ya uzeeni, wakati mimi nilikuwa sina hata kesho. Na mwisho mstari mmoja ulionishinda kuelewa: Matanga, baba mkwe ya Floribert. Chini kabisa, ndani ya kisanduku, net, yaani kilichobaki. "Floribert ni nani?" niliuliza. "Ni sentineli ya depo," alisema. "Amefiwa na mukwe wake kule Fataki. Hapa mutu akifiwa, tunakata kila mutu kidogo, tunamupatia feza ya sanduku ya kuzikia na ya kulisha batu. Ni siye wenyewe batravailleurs, bafanyakazi, tulipanga vile." Nilimwambia simjui Floribert, simjui mkwe wake, na sijawahi kufika Fataki. Alisema, "Ndiyo. Na yeye pia hakujue weye."

Nililia kwenye choo cha ofisi, choo kizuri chenye vigae vyeupe, na Mama Béatrice alinikuta pale akanipa kipande cha kitenge chake nijifute. Jioni nilipeleka hospitalini mia mbili. Nilikuwa nimebakiza kidogo kwa sabuni na dawa ya kidonda. Bwana wa huduma za jamii alihesabu, akaniuliza nyingine iko wapi. Nilimwonyesha fishi. Nilimweleza kodi, nikamweleza pansio, nikajisikia mjinga nikimweleza habari za mkwe wa Floribert. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye pia analipwa kwa fishi, na yeye pia wanamkata, na alidhani msichana aliyesoma anajua tofauti ya brut na net kabla ya kutia sahihi. Alichukua zile mia mbili, akaniandikia risiti, na akachana makubaliano yetu vipande vinne. Siku zilizosimamishwa zilirudi kwenye hesabu. Nilipokwenda kule mwisho wa sali Masika alikuwa ameshafunga vitu vyake kwenye kitambaa, vyote, hata kijiko, si kwa kutoka siku ile, bali kwa kujizoesha. Alinitazama usoni akaanza kuvifungua kimoja kimoja.

Mama hakulia. Mama aliuliza mtu wa kodi anakaa wapi. Lazima nieleze jambo hili, kwa sababu wasomi wa familia yetu hulicheka mpaka leo na mimi silicheki. Sokoni, kodi ina uso. Ni kijana mwenye vitikiti anayepita asubuhi, na kila mama wa soko anamjua, anajua amelala wapi na ana njaa au hana. Unamwambia leo sijauza, pita tena. Unamwambia chukua nusu, na parachichi hili la mtoto wako. Anakataa, mnapandishiana sauti, anakubali. Kwa Mama, kodi usiyoweza kuibembeleza ilikuwa wizi. Basi asubuhi moja, mimi nikiwa kwenye mashine yangu ya kuchapa, nilisikia kicheko cha sentineli, nikainua macho, nikamwona Mama yangu anavuka ua wa ofisi kwa kitenge chake cha kanisani, kuku mzima kwapani. Hakuniangalia hata kidogo. Alimwuliza Mama Béatrice njia, na alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la Papa Anselme.

"Papa," alisema, "ni weye unakataka mutoto wangu?" Papa Anselme alisimama. Alikuwa mtu wa heshima, alimtolea kiti nje ya dirisha, lakini Mama hakukaa. Alisema hakuja kugombana, alikuja kusikilizana. Mwezi huu wamekata nyingi. Yeye anaomba mwezi ujao wakate nusu, na ile nusu ingine ataileta mwenyewe maharage yakikomaa, na huyu kuku ni wa bibi yake. Papa Anselme alisema, "Mama, hii haiko soko. Mimi sipangi. Barème, ile hesabu ya kukata, inatoka juu, mimi nakata tu na natuma." Mama akauliza anatuma wapi. "Kwa serikali. Inaenda mpaka Kinshasa." Mama alifikiri. "Ku Kinshasa banajua mutoto wangu Masika iko anafungwa ku hopitali?" Papa Anselme alisema hapana, hawajui. "Basi uandike. Uwaambie. Mutu mwenye kuzaa hawezi kulala chini karibu ya choo, na dada yake iko analipa bengine." Wageni wawili walikuwa wamesimama kwenye mlango wa ofisi ya mkurugenzi, hawaelewi kitu, wanatabasamu kwa sababu ya kuku. Nilitamani ardhi ipasuke. Leo ningempa Mama kiti cha mkurugenzi mwenyewe.

Papa Anselme hakumcheka. Alimweleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, na aliniita na mimi ili nisikie. Aliniuliza nina mume. Sina. Watoto? Sina. Alisema serikali inapunguza kodi kidogo kwa mwenye mke au mume na watoto walioandikwa. Nikasema nalisha dada, nalisha na mtoto wake. Alisema dada hawamhesabu, na mtoto lazima awe na karatasi ya kuzaliwa yenye jina langu. Mama akasema mtoto wa Masika ni wa Kavugho pia, yaani wangu mimi, nani hajui hivyo? Na karatasi yake iko hospitalini, wanaifunga pamoja naye, haitoki kabla ya deni. Papa Anselme alivua miwani akaifuta kwenye shati kwa muda mrefu. Ndipo mimi nikafikiria ule mstari wa mwisho. Nilimwomba: kama mnaweza kukata watu kwa ajili ya mkwe wa Floribert, wakateni kidogo kwa ajili ya dada yangu, mara moja tu. Alisema alishawahi kulipeleka jambo hilo kwenye kikao cha wafanyakazi kwa ajili ya mwingine, na walikataa. "Bagonjwa ni bengi sana, Kavugho. Kila mutu iko na mugonjwa. Tukianza, net ya kila mutu itaisha. Mufu ni mumoja, anajulikana, anaisha." Mama alimtazama. "Kwa hiyo Masika akikufa, munatoa?" Papa Anselme alitazama chini, na alisema kwa sauti ndogo kwamba ndiyo, kama ni ndugu wa damu, wanatoa.

Mama alichukua kuku wake akarudi nyumbani. Hatukumla, alimwuza siku ileile, na feza ikaenda kwenye dawa.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoogopa kuikumbuka, kwa sababu hakikutokea kitu. Nilikwenda kazini, nikaandika barua za watu wengine, nikapanga mstari, nikapokea bahasha. Kila mwezi net ilikuwa tofauti kidogo, kutokana na nani amekufa. Mke wa fundi wa magari. Kaka wa Mama Béatrice, aliyeuawa barabarani upande wa Iga Barrière. Nilianza kuomba Mungu asiue mtu wa ofisi yetu kabla ya tarehe ya mshahara, na sikuona aibu ya sala ile. Nilipeleka hospitalini kila nilichoweza, na nilichopeleka kilikuwa kikipunguza deni upande mmoja wakati siku zinaliongeza upande mwingine. Mwenye nyumba alichoka kungoja akaondoa mlango wetu, akaupeleka kwake. Tuliishi na gunia limetundikwa mlangoni. Mtoto alijifunza kukaa pale chini kwenye saruji ya hospitali. Jino la kwanza alilitoa pale. Nilimchukia kila mtu mwenye mshahara aliyesema neno net kwa sauti ya kawaida. Nilimchukia hata Masika, nusu saa hivi, siku moja, kwa sababu alikuwa amecheka na wale wanawake wengine nilipoingia.

Aliyetubeba sote ni Mama. Kila asubuhi alipika uji kabla ya soko, akaupeleka hospitalini kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Jioni alipeleka fufu na sombe, na mara nyingi alibaki kulala kwenye baraza ya nje, pale walipolala ndugu wanaouguza wagonjwa, ili ampokee Masika mtoto alfajiri. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Alianza kukohoa. Nilisikia kikohozi kile kupitia pazia la kitenge, na kila nilipomwuliza alisema ni vumbi ya maharage. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameketi juu ya gunia, mikono imefungana, anatetemeka, sufuria ya Masika imejaa mbele yake, hajaweza kuinyanyua. Nilimwambia tunakwenda hospitali sasa hivi. Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto sana. "Apana," alisema. "Bakinilaza, banatufunga siye batatu. Weye utatutoa na nini? Na ile ya mu fishi?" Nilimwambia nitakopa. Aliuliza amebaki nani ambaye sijamkopa. Nikasema nitaita pikipiki, apende asipende, na nilitoka kweli kuita pikipiki, na niliporudi na dereva, Mama alikuwa amejifunga kwa kitenge, kiunoni mpaka kwenye mguu wa kitanda, mtu mzima, mama yangu, amejifunga ili tusimtoe. Dereva alitazama pembeni. Mama akaniambia nipeleke kwanza chakula kwa Masika, kitapoa, yeye atakunywa dawa ya farmasia na kesho tutaona.

Nilipeleka chakula. Nilinunua dawa ya farmasia. Kesho yake hakusema sana, na siku iliyofuata, mchana, jua limeingia kupitia matundu ya gunia la mlangoni, alifariki, kichwa chake juu ya mguu wangu. Neno lake la mwisho nililosikia lilikuwa la kazi: aliuliza kama maharage yamefunikwa.

Papa Anselme alikuja mwenyewe kabla ya jua kushuka, kwa miguu, jasho kwenye kola. Alikaa pamoja nasi muda wa heshima, kisha akaniita nje akanipa bahasha nene. Alisema ofisi imetanguliza, watakata watu mwisho wa mwezi kama kawaida. "Ni ya sanduku, Kavugho, na ya kulisha batu," alisema, na alishika bahasha kidogo zaidi kabla ya kuiachia, na tulitazamana. Nadhani alijua. Mama wadogo zangu wawili waliokuwa wamefika tayari walikuwa wakipanga nani aende kwa seremala, sanduku la rangi gani, lenye kioo au bila kioo, maana binti ana kazi ya dola, aibu haifai. Niliwasikia. Niliingia ndani, nikachukua na feza zote zilizokuwa zimebaki chini ya godoro, nikafunga kitenge, nikapita katikati yao nikaenda hospitali.

Bwana wa huduma za jamii alikuwa anafunga ofisi. Nilimwaga feza mezani nikamwambia ahesabu. Alihesabu. Zilikuwa pungufu kidogo, na mimi nilikuwa nimekaa kimya kwa namna ambayo, naamini, ilimtisha, kwa sababu alinyanyua kalamu akaandika bon bila kuuliza neno. Masika alifunga vitu vyake harakaharaka, alisahau kijiko, aliwaaga wanawake wote mwisho wa sali, na yule wa Gety alimbeba mtoto mpaka pale aliporuhusiwa kufika. Dada yangu alikuwa anacheka. Alikuwa anasema mshahara wangu umebarikiwa. Sentineli aliisoma bon akafungua mlango, na tulipokuwa nje kabisa, barabarani, alitazama kushoto na kulia akauliza, "Na Mama? Tangu jana hakuleta chakula. Iko wapi?" Nilimwambia pale pale, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kulibeba mpaka nyumbani. Alikaa chini kwenye vumbi la barabara na mtoto mgongoni, na watu wakatuzunguka.

Mama alizikwa katika sanduku la mbao mbichi za kujengea, lisilopigwa randa, bila rangi. Floribert, sentineli wa depo, ambaye mkwe wake niliwahi kumlaani dirishani, ndiye aliyelipigilia misumari, bure, na alifunika vichwa vya misumari kwa vipande vya kitambaa ili visionekane. Nilimsikia mama mdogo mmoja akimwambia mwingine, makusudi, kwa sauti ya kusikika: "Mushahara ya dola, na mama yake anamuzika kama muzigo." Mwingine akajibu kwamba feza imeingia moyoni. Sikujibu. Sijawahi kujibu, na wale wawili walikufa wakinihesabia hivyo. Ningefanya tena. Masika alikuwa amesimama ukingoni mwa kaburi kwa miguu yake mwenyewe, mtoto wa Mama alikuwa hai, amesimama, na nadhani Mama, kama angeulizwa bei, angesema sanduku ni ghali mno.

Mwisho wa mwezi nilipanga mstari kama wengine. Watu walinipisha mbele, nikakataa. Nilipokea bahasha, na safari hii sikuhesabu feza, nilisoma fishi. Brut, mia tatu. Kodi. Pansio. Na chini yake: Matanga, mama ya Kavugho. Walikuwa wamenikata na mimi. Papa Anselme aliona uso wangu akaisoma karatasi kupitia dirisha, na nilimwona mtu yule mzee, ambaye sijawahi kumwona akikosea namba, akishika kichwa. Alisema mfiwa hakatwi, ni kosa lake, ameshika orodha ya zamani bila kuangalia, nisubiri, atanirudishia sasa hivi. Alikuwa ameshafungua sanduku la feza. Zilikuwa dola chache, bei ya mkate wa wiki moja na sabuni, na nyumbani tulikuwa hatuna mkate wala sabuni wala mlango.

Nilimwambia, "Papa, hiyo usirudishe. Ya sanduku ya Mama, mimi sikutoa."